Akaunti Taka: Tunayoyaamini na Yalivyo Kweli

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia kusimamia kundi la mtandaoni lenye watu wengi, na kila asubuhi naanza kwa kusoma ripoti za wanachama. Huyu tapeli, yule roboti (akaunti inayoendeshwa na programu), mwingine anamwaga matangazo. Ripoti hizo nazithamini sana, maana bila wanachama wenye macho kundi lingekuwa limeshaharibika zamani. Lakini nyingi huwaangukia wasio na hatia huku wenye hatia wakipita salama, na chanzo huwa kilekile: tunaangalia sura ya akaunti badala ya mwenendo wake.

“Ukiona lugha mbovu, ujue ni tapeli”

Dhana hii ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwa hiyo naanza nayo. Niliwahi kumfungia mtu kwa sababu sentensi zake zilikuwa zimepinda na majibu yake yalisomeka kama ya mashine. Siku mbili baadaye aliniandikia barua pepe akiuliza amekosa nini. Alikuwa anajifunza lugha yetu, na kila alichotaka kusema alikipitisha kwanza kwenye programu ya kutafsiri. Nilimfungulia, nikamwomba radhi. Alirudi, lakini ulipita muda mrefu kabla ya kuthubutu kuandika tena.

Wakati huohuo, akaunti taka za siku hizi, yaani zile zinazotumika kutapeli au kumwaga matangazo, huandika kwa ufasaha, maana programu za akili mnemba zinaweza kumtungia yeyote aya safi kwa sekunde chache. Hata makosa yenyewe si lazima yawe dalili ya ujinga. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza kwa nini matapeli wa barua pepe hung'ang'ania hadithi za mamilioni ambazo wengi wetu tunazicheka: hadithi isiyoaminika huwachuja mapema wenye shaka, akabaki yule tu anayeelekea kutoa pesa.

Basi iache sarufi, uliza mengine. Je, anajibu kilichosemwa, au maneno yake yangeweza kubandikwa popote? Ukiondoa linki, ujumbe wake unabaki na maana yoyote? Nakili sentensi yake moja, itafute mtandaoni ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Mara nyingi utaikuta imetapakaa kwingine, kwa majina tofauti.

“Akaunti ya zamani yenye picha ya mtu haiwezi kuwa taka”

Inaweza. Akaunti huibwa na huuzwa, na nyingine hufunguliwa kisha zikaachwa zilale kwa miezi ili zipate umri. Umri peke yake hauniambii kitu. Kinachoniambia ni kugeuka ghafla: mtu aliyekuwa akizungumzia bustani yake anaamka baada ya mwaka mzima wa kimya, anauza sarafu za kidijitali, tena kwa lugha ambayo hajawahi kuitumia.

Nyingine huanza kwa upole. Huandika “asante kwa maelezo mazuri” mara kumi, au hunakili maoni ya mwanachama wa zamani neno kwa neno. Siku kadhaa baadaye hurudi kuyahariri na kuchomeka linki, wakati hakuna anayetazama tena. Kuna na mchezo wa wawili: akaunti ya kwanza inauliza ni bidhaa gani nzuri, ya pili inaingia baada ya dakika chache ikiwa na jibu kamili na mahali pa kununua, kisha ya kwanza inashukuru. Ukiona mazungumzo yanayokwenda sawasawa namna hiyo, fungua kurasa za wote wawili uangalie zilifunguliwa lini.

Kuhusu picha, mambo yamebadilika haraka. Mbinu ya kuzalisha picha kwa kushindanisha mitandao miwili ya neva (programu zinazojifunza kutokana na mifano) ilichapishwa na Ian Goodfellow na wenzake mwaka 2014, na Desemba 2018 watafiti wa kampuni ya Nvidia wakaonyesha mfumo uitwao StyleGAN unaotengeneza nyuso za watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Nyuso za mfumo huo zilikuwa na alama zake: macho yalikaa mahali palepale katika kila picha, hereni hazikufanana, mandhari ya nyuma yalivurugika. Alama hizo bado zinasaidia pale zinapoonekana, lakini zana mpya zaidi haziziachi. Kuitafuta picha kwa mitambo ya kutafutia, kama Google, kunaweza kukuonyesha imeibwa wapi. Isipopatikana popote, usihitimishe kwamba ni ya mtu halisi.

“Ni roboti tu, na jaribio la kubofya picha linatosha kuzizuia”

Jaribio hilo la kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu lina historia yake: Luis von Ahn na wenzake walilichapisha mwaka 2003 kwa jina CAPTCHA. Limezuia mengi. Lakini muda si mrefu zikazuka huduma zinazowalipa watu ujira mdogo wa kuyajibu majaribio hayo kutwa nzima kwa niaba ya wamwaga taka. Mlango unaomtambua binadamu hauna la kufanya anapokuja binadamu.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila anayeripoti alijue. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba huenda watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia, walikuwa wakishikiliwa katika hali ya kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi walikuwa wamefuata tangazo la kazi. Mtu anayekuandikia “habari, nimependa maoni yako” anaweza kuwa amefungiwa chumbani, kanyang'anywa pasipoti, na anahesabiwa idadi ya watu aliowanasa. Hilo halipunguzi hata kidogo ulazima wa kuiripoti akaunti yake, kwa sababu atakayenaswa naye ni binadamu. Ila tangu niliposoma habari hizo nimeacha kabisa kutukana, na wanachama wetu nawaomba hivyo hivyo.

“Wapuuze, hakuna anayebofya, watachoka wenyewe”

Ni kweli kwamba wanaobofya ni wachache sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, matawi ya Berkeley na San Diego, walipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Walijipenyeza kwenye mtandao wa kompyuta zilizotekwa ulioitwa Storm, wakafuatilia barua pepe zinazokaribia milioni 350 za kutangaza dawa. Katika siku 26 mauzo yalikuwa 28 tu. Ukiziona namba hizo unaweza kudhani ni biashara ya hasara, lakini kutuma ujumbe mmoja zaidi karibu hakugharimu kitu, kwa hiyo hata wateja 28 wana maana. Kuchoka hakupo hapo.

Tena linki nyingi hazikuwekwa kwa ajili yako. Zimewekwa zisomwe na mitambo ya kutafutia, ambayo huuchukulia ukurasa unaotajwa na wengi kuwa wenye maana. Januari 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana kuhusu alama ya nofollow, inayouambia mtambo usiihesabu linki fulani. Mwaka 2019 Google ikatangaza kwamba itaichukulia kama dokezo tu, si amri. Wamwaga taka hawakusubiri kujua ni kurasa zipi zina alama hiyo. Wanamwaga kote. Ujumbe uliopuuzwa na kila mtu, ukabaki pale miaka mitatu, bado unafanya kazi iliyokusudiwa.

“Nitamjibu nimuumbue mbele ya watu”

Usimjibu. Sehemu nyingi, jibu lako linaupandisha ujumbe wake juu na kumthibitishia kwamba kuna mtu hapa. Ukinukuu maneno yake pamoja na linki, umemtangazia bure. Ukitaka kuwaonya wenzako, ieleze hila kwa maneno yako na linki usiiweke.

“Tukiripoti wengi kwa pamoja ndipo itafutwa”

Naelewa wazo hili linatoka wapi, lakini ripoti moja iliyoandikwa vizuri hunisaidia kuliko hamsini zinazosema “taka!” peke yake. Kuripoti kwa mkupuo kumewahi kutumiwa kumnyamazisha mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuwa na maoni yasiyopendwa, na msimamizi mwenye uzoefu akiona wimbi la ripoti huanza kwa kulitilia shaka wimbi lenyewe.

Ripoti nzuri ina mambo machache. Ina linki ya ujumbe husika, si ya ukurasa mzima. Ina jina la kuingilia la akaunti, kwa sababu lile linaloonekana kwa herufi kubwa hubadilishwa wakati wowote. Ina picha ya skrini, maana ujumbe unaweza kuhaririwa kabla sijafika. Zaidi ya yote ina mwenendo: “akaunti hii imeweka maneno haya sehemu sita ndani ya dakika kumi.” Sentensi kama hiyo inanifanya nitazame kila kitu ilichowahi kuandika, na mara nyingine hunipeleka kwenye akaunti nyingine kadhaa za mkono uleule.

Chagua sababu kwa makini. Matangazo, utapeli, na kujifanya mtu mwingine huenda kwa njia tofauti, na ukikosea sababu ripoti inaweza kukataliwa ingawa akaunti ni mbaya kweli. Ripoti kwanza, ndipo umzuie; kwingine ukishamzuia huyaoni tena maandishi yake, na ushahidi unakupotea. Linki usiibofye ili “kuhakikisha”.

“Atajua ni mimi niliyemripoti”

Mitandao mikubwa haimtajii aliyeripotiwa jina la aliyeripoti, isipokuwa kwenye madai ya hakimiliki, ambako jina la mdai linaweza kupelekwa kwa mwenye akaunti. Kwenye makundi madogo inategemea uaminifu wa wasimamizi. Waulize kabla.

“Mashine zinafuta zenyewe, ripoti yangu haina maana”

Facebook ilisema ilifunga akaunti bandia bilioni 2.19 katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2019, karibu zote kabla hazijaripotiwa na mtu. Namba hiyo wengine huichukua kama sababu ya kukaa kimya. Mimi naisoma kinyume. Zile unazoziona wewe ni zilizoshinda chujio, na mashine imeshasema hazina neno. Aliyebaki wa kuzitambua ni msomaji anayelifahamu kundi lake na namna watu wake wanavyozungumza.

“Rafiki yangu ameanza kutuma linki za ajabu, namfungia”

Kama mtu unayemjua anageuka usiku mmoja kuwa muuza bahati nasibu, kuna uwezekano mkubwa kwamba akaunti imetekwa. Iripoti kama akaunti iliyodukuliwa, si kama taka, kwa sababu njia ya kwanza inalenga kumrudishia mwenyewe na ya pili inaweza kuifunga moja kwa moja. Sisi wasimamizi kwa kawaida tunaizuia isiandike kwa muda, bila kuifuta.

Kisha mtafute kwa njia nyingine. Usimwandikie ndani ya akaunti hiyohiyo, maana atakayekujibu ni mwizi, naye atakwambia kila kitu kiko salama. Mpigie simu. Mwambie aanze na nenosiri la barua pepe yake, kwa kuwa huko ndiko yanakorudishiwa manenosiri mengine yote, kisha abadilishe la akaunti, aondoe vifaa asivyovitambua na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, unaodai kitu cha pili zaidi ya nenosiri. Kama huna namba yake, uliza kwa wanaomfahamu hadi umpate. Huenda hajui bado.