Tanzania: jina lililochelewa miezi sita

Kila Aprili husikika kwamba Tanzania ilizaliwa tarehe 26 Aprili 1964. Nchi ndiyo ilizaliwa siku hiyo, lakini jina lilikuwa bado. Ilianza kwa kuitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na "Tanzania" ikatangazwa tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Ni tarehe inayostahili kufundishwa shuleni, ila wachache wanaijua.

Wengi pia humpa Mwalimu Nyerere sifa ya kulibuni. Ukweli ni kwamba wananchi walialikwa kupendekeza majina kwa shindano. Anayetajwa sana kuwa mshindi ni Mohamed Iqbal Dar, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alichukua TAN ya Tanganyika na ZAN ya Zanzibar, akaongeza I ya Iqbal na A ya Ahmadiyya, jumuiya yake ya dini. Wanaodhani jina limetokana na Azania, pwani iliyotajwa na Wagiriki wa kale, wanavutwa na mfanano wa sauti tu.

Dhana iliyokita mizizi zaidi inahusu Tanganyika, kwamba ni jina la kale la nchi yetu, lililoundwa kwa Tanga na nyika iliyo nyuma yake. Tafsiri hiyo inapendeza masikioni, lakini jina lilitoka upande wa pili kabisa, kwenye Ziwa Tanganyika, takriban kilomita 1,000 kutoka mji wa Tanga. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika ziwani mwaka 1858, tayari lilikuwa na jina hilo. Nchi yenyewe ilikuja kuitwa hivyo mwaka 1920, Waingereza walipohitaji jina la koloni walilomnyang'anya Mjerumani. Kabla ya hapo iliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Rwanda na Burundi zilikuwa ndani yake. Kwa hiyo mashujaa wa Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, hawakupigana wakijiita Watanganyika. Walikuwa Wamatumbi, Wangoni, Wapogoro na wengineo, na heshima yao haipungui kwa hilo.

Zanzibar nayo huchukuliwa kuwa jina la kisiwa kimoja. Kisiwa kikubwa ni Unguja. Zanzibar ni Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka, na Mpemba ni Mzanzibari sawasawa na Muunguja.