Word na Excel kwenye Snapdragon X: shida haiko unakodhani

Tangu laptopu za Windows zenye prosesa ya Snapdragon X ziingie sokoni Juni 2024, swali ninaloulizwa mno ni kama Word na Excel zinafanya kazi humo. Zinafanya, tena vizuri. Ila kazi ya ofisi haiishii kwenye Word. Kuna printa, kuna makro, yaani programu ndogo ndani ya Excel, aliyoiandika mhasibu aliyekwisha kustaafu, kuna VPN ya kuingilia mifumo ya kazini. Huko ndiko laptopu hizi hupimwa kwelikweli.

Snapdragon X Elite ina hadi viini (cores) 12 vya kufanyia kazi, na inafuata usanifu wa Arm kama prosesa za simu, si x86 ya Intel na AMD ambayo programu nyingi za Windows zimeandikiwa. Programu ya x86 ikifunguliwa hapo hupitia mkalimani aliyemo ndani ya Windows 11 toleo la 24H2, aitwaye Prism. Hugeuza maagizo ya x86 kuwa ya Arm huku programu ikiendelea kufanya kazi, na vipande alivyokwisha kuvigeuza huviweka akiba ili asivirudie. Kwa hiyo programu ya aina hiyo inaweza kujikokota mara ya kwanza, kisha ikachangamka.

Office haihitaji kutafsiriwa hivyo. Microsoft waliijenga kwa mbinu ya Arm64EC, waliyoitangaza mwaka 2021, inayoruhusu msimbo wa Arm na ule wa x64 (x86 ya biti 64) kuishi ndani ya programu moja. Unaweza kuliona hilo mwenyewe: fungua Task Manager, nenda Details, bofya kulia kwenye kichwa cha safu yoyote, kisha ongeza safu ya Architecture. Mbele ya EXCEL.EXE utakuta ARM64 pamoja na maelezo kwamba inapatana na x64. Shuka chini kidogo uzitazame programu nyingine za ofisini kwako. Zilizoandikwa x64 au x86 tupu ndizo zinazomtegemea Prism. Dakika mbili za kutazama orodha hiyo zitakwambia mengi kuliko tangazo lolote la dukani.

Kule kuchanganya misimbo kuna faida kubwa kwa Excel. Programu jalizi (add-in) ya biti 64 iliyotengenezwa kwa ajili ya Intel huweza kupakiwa ndani ya Excel hii bila kuandikwa upya. Ya biti 32 haiingii, na hapo ndipo watu huilaumu prosesa bure, kwani Excel ya biti 64 kwenye Intel nayo ingeikataa. Ni hivyo hivyo kwa makro za zamani zinazoita maktaba za Windows kwa amri ya Declare bila neno PtrSafe, linaloonyesha kwamba makro iko tayari kwa biti 64: zitagoma kwenye Office yoyote ya biti 64. Ofisi nyingi zimeng'ang'ania Office ya biti 32 miaka nenda miaka rudi, na laptopu mpya ndiyo inayofichua deni hilo.

Sasa kasi. Kuanzia toleo la 2007, Excel hugawa hesabu kwa viini kadhaa kwa wakati mmoja. Ukiwa na faili zito, angalia ukanda wa chini ya dirisha wakati wa kukokotoa: Excel inaandika idadi ya nyuzi (threads, mikondo ya kazi inayokwenda sambamba) inazotumia na asilimia iliyofikia. Fomyula za kawaida zikiwa maelfu kwa maelfu, viini 12 vinafaidisha kweli. Lakini si kila fomyula hugawika. Fanksheni ulizoandika kwa VBA, lugha ya makro za Office, huenda kwa uzi mmoja, na INDIRECT, fanksheni inayosoma anwani ya seli kutoka kwenye maandishi, vilevile. INDIRECT ina balaa jingine: hukokotolewa upya kila unapobadilisha seli, hata isiyohusiana nayo. Nikiletewa faili lililojaa INDIRECT na malalamiko kwamba "kompyuta ni nzito", naanza kwa kuweka INDEX mahali inapowezekana. Kufanya hivyo huleta nafuu ambayo prosesa mpya haiwezi kuinunua, na hakugharimu kitu.

Kuhusu Word sina mengi. Kiini kimoja cha Snapdragon X kina nguvu ya kutosha na kubaki, na faili likichelewa kufunguka, mara nyingi linasubiriwa kutoka kwenye mtandao. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kasi haishuki sana ukichomoa chaja, ilhali laptopu nyingi za x86 hupunguza mwendo zinapotumia betri.

Anayetumia LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, asichukue kifurushi cha x86-64 kwa mazoea. Toleo la 24.8, lililotoka Agosti 2024, ndilo la kwanza kuja na kifurushi rasmi cha Windows kwa Arm.

Turudi kwenye printa. Draiva, programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, ikifanya kazi ndani ya kiini cha Windows chenyewe (kernel, si viini vya prosesa) haiwezi kutafsiriwa na Prism. Lazima iwe imeandikwa kwa Arm64. Printa inayokubali IPP, itifaki ya kawaida ya kuchapa kupitia mtandao, hutumia draiva ya jumla iliyomo kwenye Windows, na kurasa zinatoka bila matatizo. Vinavyoweza kupotea ni vile vya ziada: kubana karatasi kwa pini, kuchapa kwa namba ya siri, kuhesabu kurasa za kila idara. Skana za zamani na vifaa vya USB vya leseni ndivyo hunipa wasiwasi zaidi, maana mtengenezaji asipotoa draiva mpya hakuna njia ya mkato.

VPN nayo iko kundi hilo, kwa kuwa nyingi huweka draiva yake ya mtandao. Mimi huijaribu kabla hata ya kuifungua Excel, na isipounganika, laptopu hurudi kwenye boksi lake siku hiyohiyo.