Upungufu wa testosteroni: damu ya asubuhi kwanza, sindano baadaye

Kwa wanaume wengi wa Tanga, anayehisi nguvu zake zimepungua hupata washauri tele kabla ya kumfikia daktari: yupo wa supu ya pweza, yupo wa mkuyati, yupo wa vumbi la Kongo, na siku hizi yupo anayemhimiza akachomwe sindano ya testosteroni, yaani homoni ya kiume. Supu ya pweza ni chakula kizuri, wala hatuna ugomvi nayo. Sindano ya homoni ni dawa yenye masharti, na sharti la kwanza ni kuthibitisha kwamba homoni hiyo imepungua kweli.

Testosteroni hutengenezwa kwa wingi katika korodani, kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ikipungua, hamu ya tendo la ndoa hufifia, uume hausimami tena alfajiri kama ilivyokuwa, misuli hunywea, ndevu huota kwa kusuasua, na baadhi ya wagonjwa hupungukiwa damu au mifupa yao hudhoofika. Uchovu na unyonge pia hutajwa sana, lakini hayo huletwa vilevile na kisukari, msongo wa mawazo au kukosa usingizi, hivyo dalili peke yake hazitoshi kuamua tiba.

Kiwango cha homoni hii hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyosonga, na chakula pia hukishusha kwa muda. Kwa sababu hiyo damu hutolewa kabla ya saa nne asubuhi, mgonjwa akiwa hajala, na kipimo hurudiwa siku nyingine. Mwenye homa asubiri apone kwanza, na aliyekesha kwenye zamu ya usiku bandarini apange siku aliyolala vizuri. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani huhesabu kuwa ni upungufu pale vipimo vyote viwili vinapokuwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita na dalili zipo. Majibu ya damu iliyotolewa mara moja tu, tena alasiri, si msingi wa kuanzisha tiba.

Upungufu ukithibitishwa, daktari hutafuta chanzo. Hupapasa korodani na kuzilinganisha na shanga maalumu zenye ukubwa uliopimwa, kisha huagiza kipimo cha homoni za pituitari. Zikiwa juu, kasoro iko kwenye korodani zenyewe, pengine kwa matubwitubwi ya ukubwani, jeraha, au hali ya kuzaliwa nayo. Zisipopanda, macho huelekezwa kwenye pituitari, unene uliokithiri, au matumizi ya muda mrefu ya dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni mwanamume anayetafuta mtoto kuchomwa testosteroni. Homoni inayotoka nje huifanya pituitari inyamaze, na korodani zikikosa amri hupunguza mbegu, wakati mwingine hadi zikaisha kabisa. Baada ya kuacha sindano, mbegu huchukua miezi mingi kurejea, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Anayetaka kuzaa aseme mapema, kwa kuwa zipo dawa nyingine zinazoziamsha korodani badala ya kuzilaza.

Mwenye saratani ya tezi dume au ya titi kwa kawaida hapewi tiba hii. Anayeipata hupimwa ni sehemu gani ya damu yake iliyojaa chembe nyekundu, na ikivuka asilimia 54 dawa husimamishwa au hupunguzwa. Atumiaye testosteroni ya jeli ya kupaka anawe mikono na afunike ngozi aliyoipaka, maana homoni ikimgusa mtoto anayembeba, mtoto huyo anaweza kubalehe kabla ya wakati.

Wapo wengi ambao kipimo chao kitakuwa sawa. Kwao, uume kutosimama vizuri huenda ni dalili ya mishipa ya damu kuharibika, nayo huweza kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo wapimwe sukari, presha na lehemu. Baadhi ya unga unaouzwa kama miti shamba umewahi kukutwa umechanganywa na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, ambayo kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati inaweza kushusha presha hadi kuua.

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako unaweza kupewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Chukua na pakiti ya kila ulichokwisha kutumia, hata kile ulichouziwa kwenye karatasi ya gazeti.