Vipande vidogo vya protini vinavyokiongoza kirusi cha korona

Protini ya mwiba, inayochomoza juu ya kirusi cha UVIKO-19 na kukiwezesha kuingia kwenye seli, ina asidi amino (vijenzi vya protini) 1,273. Ukiondoa nne tu, yaani prolini, arginini, arginini na alanini zilizofuatana mahali pamoja, kirusi huendelea kuzaliana lakini makali hupungua: hamsta wa maabara wanaoambukizwa hawaugui kama wale waliopata kirusi kamili.

Mpangilio mfupi kama huu, wenye kazi maalumu ndani ya protini ndefu, huitwa motifu. Kirusi hakina mitambo kamili ya kuzaliana. Hutegemea ya seli zetu, na motifu ndizo zinazoifanya mitambo hiyo ihudumie protini za mgeni ikidhani ni za nyumbani.

Motifu niliyoanza nayo ni shabaha ya furini, kimeng'enya cha seli zetu ambacho kila siku hukata protini zetu wenyewe ili zianze kazi. Kikikuta arginini zimekaribiana, hukata bila kuuliza ni za nani. Ndiyo maana kirusi kipya hutoka kwenye seli miiba yake mingi ikiwa imeshakatwa mara ya kwanza. Kikifika kwenye njia ya hewa, hubaki mkato mmoja, unaofanywa na kimeng'enya kilicho juu ya seli, TMPRSS2, ndipo utando wa kirusi uungane na wa seli. Katika aina ya Delta, prolini namba 681 iligeuka arginini, na furini ikapata wepesi zaidi.

Sasa angalia kinachotokea maabara. Kirusi hiki hukuzwa mara nyingi kwenye seli za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili. Seli hizo hazina TMPRSS2 ya kutosha, hivyo motifu ya furini haina faida humo. Kirusi kikihamishwa mara kadhaa kutoka chombo hadi chombo, mara nyingi huipoteza. Mtafiti asipokagua jenomu, yaani maelekezo yote ya kijenetiki ya kirusi, atapima dawa kwa kirusi ambacho si kile cha mgonjwa.

Najua motifu hii imezua maneno mengi mitandaoni. Kuwepo kwake peke yake hakuthibitishi kwamba kirusi kilitengenezwa maabara: kirusi cha MERS, korona nyingine inayoshambulia mapafu, kina motifu ya aina hiyo, na hata OC43, kinacholeta mafua ya kawaida, kinayo.

Motifu nyingine iko mkiani mwa mwiba, kwenye asidi amino tano za mwisho. Hiyo hufanya kazi kama maandishi kwenye mzigo wa basi la Arusha: "ushushwe Segera", yaani njiani. Mwiba ukielekea nje ya seli, protini za usafirishaji huusoma mkia na kuurudisha ndani, mahali virusi vipya vinapoundwa. Maandishi hayo hayakukolea sana. Miiba kadhaa hupitiliza hadi juu ya seli na kuiunganisha na jirani yake, zikawa seli moja kubwa yenye viini vingi. Seli za namna hiyo zilikutwa kwenye mapafu ya waliofariki.

Motifu zinazonivutia zaidi, hata hivyo, hazimo kwenye mwiba. Jenomu ikishaingia, ribosomu zetu, mitambo ya seli inayounda protini, hutengeneza protini ndefu mno ambayo lazima ikatwe ili zipatikane protini 16. Kimeng'enya kikuu cha kirusi hukata sehemu 11, kila mara baada ya glutamini. Cha pili hutafuta leusini, asidi amino yoyote, kisha glaisini mbili, na mpangilio huo ndio unaomalizia ubikwitini, protini inayosaidia seli kuamsha kinga. Kwa hiyo kimeng'enya kilekile kinachoandaa protini za kirusi huing'oa pia ubikwitini, na kinga hufifia.

Vimeng'enya vya binadamu kwa kawaida havikati hivyo baada ya glutamini, na nirmatrelvir, dawa iliyomo kwenye Paxlovid, imelenga kile kimeng'enya kikuu. Usugu dhidi ya dawa hiyo umeshaonekana maabara, lakini kimeng'enya hicho hakibadiliki kirahisi kama mwiba, kwa kuwa lazima kiendelee kuzitambua sehemu zote 11. Dawa ianzwe ndani ya siku 5 tangu dalili zianze, kirusi kikiwa bado kinazaliana kwa wingi. Mwenzake kwenye pakiti, ritonavir, huchelewesha ini kuvunja dawa nyingi. Mgonjwa amtajie daktari kila anachotumia, zikiwemo dawa za presha, za kifafa, za kuzuia damu kuganda na za mitishamba.