Ndama wanaoonekana si kipimo cha uzazi

Dhana potofu: Ukihesabu ndama, umepata kiwango cha kuzaliana.

Nyumbu wa Serengeti huzaa kwenye nyanda za nyasi fupi za kusini, kuzunguka Ndutu, kati ya Januari na Machi, na ndama wengi huzaliwa ndani ya majuma matatu hivi. Anayekuja kuhesabu mwezi Mei hawakuti walioliwa na fisi wala waliopotezana na mama zao. Anahesabu waliosalia. Kwa simba kazi ni ngumu zaidi: jike huwaficha watoto kwa majuma kadhaa ya mwanzo, na uzao mzima unaweza kufa kabla hata haujaonekana. Ndiyo maana watafiti hupima pia homoni za mimba kwenye kinyesi cha majike.

Dhana potofu: Inatosha kugawanya idadi ya waliozaliwa kwa wanyama wote.

Madume na watoto hawazai. Gawanya kwa majike waliofikia umri wa kuzaa, na ikiwezekana kwa kila rika.

Dhana potofu: Kundi likiongezeka, basi majike wanazaa zaidi.

Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Chanzo kikubwa kilikuwa kutoweka kwa sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe na nyumbu, baada ya ng'ombe wa maeneo jirani kuchanjwa. Sotoka ilikuwa ikiua hasa ndama. Majike walikuwa wakizaa tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba ndama walipona.

Dhana potofu: Uzazi ukipanda ghafla, hali ni nzuri.

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu huwafanya watu washangilie mahali pa kuuliza. Tembo jike hubeba mimba miezi 22, kisha hunyonyesha, na kwa kawaida hupita miaka minne au mitano kati ya ndama na ndama. Ukame wa 2009 uliua ndama wengi sana Amboseli, hifadhi iliyoko kusini mwa Kenya. Mama aliyefiwa huacha kunyonyesha na kurudi mapema kwenye joto, yaani kuwa tayari kupandwa tena. Mvua ziliporudi, majike wengi walipandwa kwa wakati mmoja, na kuanzia mwishoni mwa 2011 ndama walizaliwa kwa wingi usio wa kawaida. Takwimu ya 2012 peke yake ingeonekana ya neema, kumbe imebeba vifo vya 2009. Tunalijua hilo kwa sababu tembo wa Amboseli wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972, kila jike akitambuliwa kwa masikio yake na kuandikiwa historia yake ya uzazi.