Ubia wa kimkakati ni nini? Tuitazame India na Marekani

Viongozi wa nchi mbili wakikutana, mara nyingi tamko lao la pamoja husema uhusiano "umepandishwa hadi ngazi ya ubia wa kimkakati". Maneno haya yana maana mahususi katika diplomasia, na maana hiyo inaonekana vizuri zaidi kwa India na Marekani, demokrasia mbili kubwa kuliko zote duniani kwa idadi ya watu.

Ubia wa kimkakati ni makubaliano ya kushirikiana kwa muda mrefu katika mambo mazito, kama ulinzi, teknolojia, nishati na biashara, bila nchi yoyote kuahidi kupigana vita kwa ajili ya mwenzake. Hapo ndipo unapotofautiana na mkataba wa kujihami. Marekani na Japan zina mkataba wa mwaka 1960 unaoifunga Marekani kuilinda Japan ikishambuliwa. Mkataba wa namna hiyo hauwezi kuridhiwa Marekani bila theluthi mbili ya kura za maseneta. Ubia wa kimkakati hauhitaji kura hata moja: hutangazwa kwa tamko la pamoja, na tamko la pamoja halimpeleki mtu mahakamani.

Neno "ubia" lenyewe linasaidia. Wabia wa duka hugawana faida na hasara ya duka lile, lakini kila mmoja anaweza kuwa na shughuli zake pembeni, hata na mpinzani wa mwenzake. India inautaka uhusiano huo hasa. Tangu enzi za Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wake wa kwanza, imeshikilia sera ya kutofungamana na upande wowote, na kumbukumbu zake zina makovu: mwaka 1971, wakati wa vita vilivyoizaa Bangladesh, Rais Nixon wa Marekani alipeleka manowari ya kubeba ndege, USS Enterprise, katika Ghuba ya Bengal ili kuitia hofu India. Nchi iliyopitia hayo haikimbilii kutia saini mkataba wa kujihami.

Kwa kuwa tamko lenyewe halifungi, uzito wa ubia uko kwenye hati ndogo zilizo chini yake. Kati ya India na Marekani hati za kijeshi za msingi ni nne. Ya mwaka 2002 inahusu kulinda siri za kijeshi wanazopeana. LEMOA ya 2016 inaruhusu meli na ndege za nchi moja kujaza mafuta, kupata vipuri na chakula kwenye vituo vya nyingine, kwa maombi ya kila mara na kwa malipo. Haitoi kambi ya kudumu, ingawa wapinzani wake India walidai hivyo kwa miaka. COMCASA ya 2018 inahusu mawasiliano ya siri. Kabla yake ndege za doria za P-8I ambazo India ilinunua Marekani zilikuja na vifaa vya mawasiliano vya kibiashara, kwa sababu sheria za Marekani hazikuruhusu kumkabidhi mnunuzi vifaa vya usimbaji, yaani vya kuficha ujumbe, bila hati hiyo. BECA ya Oktoba 2020 inahusu ramani na takwimu za kijiografia, zile zinazosaidia ndege au kombora kufika linakotakiwa.

Hati hizi huchukua muda mrefu kwa sababu Marekani huwa na nakala moja inayowapa washirika wake wote, na India iliikataa nakala hiyo. Mazungumzo yalidumu zaidi ya miaka kumi, vifungu vikabadilishwa, hata majina yakabadilishwa ili ionekane kwamba ni makubaliano mengine. Hadhi nayo ilitungwa upya: mwaka 2016 Marekani iliiita India "Mshirika Mkuu wa Ulinzi", cheo ambacho wakati huo hakikuwa cha nchi nyingine. Faida yake ilionekana 2018, masharti ya leseni za kuiuzia India teknolojia nyeti yalipolegezwa.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa nyuklia. India ilifanya majaribio ya mabomu mwaka 1974 na tena Mei 1998, na Marekani ikaiwekea vikwazo. Julai 2005 Rais George W. Bush na Waziri Mkuu Manmohan Singh walitangaza kwamba India itaruhusiwa kununua vinu na mafuta ya nyuklia kwa matumizi ya kiraia. Tangazo lilikuwa mwanzo tu. India ilipaswa kutenganisha vinu vya kiraia na vya kijeshi, na kuweka 14 kati ya 22 chini ya ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Bunge la Marekani lilipitisha sheria maalumu Desemba 2006. Kundi la nchi zinazouza bidhaa za nyuklia lilitoa msamaha Septemba 2008, uliohitajika kwa kuwa India haijasaini mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo. Saini ya mwisho iliwekwa Oktoba 2008.

Baada ya yote hayo, miaka 15 baadaye hakukuwa na hata kinu kimoja cha Marekani kilichojengwa India chini ya mkataba ule. Sababu ni sheria ya fidia ambayo Bunge la India lilipitisha mwaka 2010, iliyomruhusu mwendesha kinu kumdai aliyemuuzia vifaa endapo ajali ingetokana na vifaa hivyo. Wahindi walikuwa bado wanawakumbuka maelfu waliokufa kwa gesi ya sumu kule Bhopal Desemba 1984, iliyovuja kwenye kiwanda cha kampuni tanzu ya Marekani. Kampuni za Marekani, kwa upande wao, hazikutaka kubeba hatari ya namna hiyo.

Biashara ndipo wasomaji wengi wanapochanganyikiwa, kwani hudhani ubia wa kimkakati huleta nafuu ya ushuru. Hauleti. Biashara ya bidhaa kati ya nchi hizi mbili mwaka 2024 ilikuwa takriban dola bilioni 129, na Marekani ilikuwa na nakisi ya kama bilioni 46, lakini hazikuwa na mkataba wa biashara huria. India ilikuwa ikipeleka baadhi ya bidhaa bila ushuru kupitia mpango wa upendeleo ambao Marekani ilikuwa ikizipa nchi zinazoendelea. Juni 2019 iliondolewa humo, baada ya malalamiko ya wauzaji wa maziwa na wa vifaa tiba wa Marekani. India ilikuwa imeweka bei kikomo kwa vijibomba vya kupanulia mishipa ya moyo. Mwezi huohuo India ilipandisha ushuru wa lozi, tufaha na bidhaa nyingine za Marekani, na haikuuondoa hadi 2023.

Mwaka 2025 mambo yalikuwa makali zaidi. Agosti, Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25, kisha ikaongeza 25 nyingine kwa sababu India ilikuwa ikinunua mafuta ya Urusi. Kamba wa baharini, nguo na vito vilivyochongwa katika mji wa Surat vikabeba asilimia 50. Dawa na simu janja zilisamehewa. Lakini tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo, ushuru ukiwa palepale, mawaziri wa ulinzi wa nchi hizo walikutana Kuala Lumpur na kutia saini mfumo mpya wa ushirikiano wa kijeshi wa miaka kumi. Ulinzi na biashara ni njia mbili, na kila njia ina wizara yake, sheria zake na hasira zake.

Ubia huu una jambo jingine linalowashangaza wengi. Uturuki ni mwanachama wa NATO, yaani ina mkataba wa kujihami na Marekani. Iliponunua makombora ya S-400 ya Urusi, ya kutungulia ndege, iliwekewa vikwazo Desemba 2020. India ilisaini kununua makombora hayohayo Oktoba 2018, na vikwazo vile havikuiangukia. Mbia ambaye hajafungwa ana nafasi ya kujadiliana ambayo mwanachama hana, ila naye akishambuliwa hakuna anayelazimika kuja.

Afrika Mashariki istilahi hizi zimeshafika. Oktoba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru New Delhi, Tanzania na India zilipandisha uhusiano wao hadi ubia wa kimkakati. Mwaka 2024 Kenya ilitangazwa na Marekani kuwa mshirika mkuu asiye wa NATO. Cheo cha Kenya kinarahisisha kupata zana za kijeshi zilizozidi mahitaji ya Marekani na kukopeshwa vifaa vya utafiti wa pamoja. Hakina kifungu cha kuilinda. Cha Tanzania kipimwe kwa hati zilizofuata tamko: ngapi zimesainiwa, zipi zina bajeti, na zipi zimeandikwa kwa vitenzi kama "zitachunguza" na "zinakaribisha", ambavyo havimdai mtu chochote.