Rangi ya mabuyu na kibali cha dunia: dhana potofu na ukweli

"Mabuyu ni chakula cha asili, hayahitaji kibali cha mtu." Hii ndiyo dhana inayowagharimu zaidi akina mama na vijana wa Mombasa wanaopika mabuyu na kutaka kuyauza ng'ambo. Hapa Pwani mbuyu tumeukuta, na hakuna aliyewahi kuomba ruhusa ya kula tunda lake. Lakini sheria ya Umoja wa Ulaya haiangalii sisi tumekula nini. Inauliza kama chakula hicho kililiwa kwa wingi huko kwao kabla ya tarehe 15 Mei 1997. Kama hakikuliwa, kinahesabiwa chakula kipya, hata kama babu wa babu yako alikitafuna. Ndiyo maana unga wa ubuyu uliidhinishwa Ulaya mwaka 2008 tu. Marekani ulifuata 2009, pale mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliposema haina swali juu ya kuutumia kwenye vinywaji vya matunda hadi asilimia 10, na kwenye vitafunio vya nafaka na matunda hadi asilimia 15.

Angalia kilichopitishwa: ni unga mkavu wa tunda. Mbegu iliyopikwa kwa sukari, iliki, pilipili na rangi nyekundu ni bidhaa nyingine, na kila kilichomo kitakaguliwa. Habari njema ni kwamba tangu 2018 Ulaya ina njia nyepesi kwa vyakula vya jadi kutoka nje, ukithibitisha kwamba vimeliwa kwa usalama angalau miaka 25. Hapo ushahidi wetu wa Pwani una thamani kubwa, ila lazima uandikwe.

Wengine husema rangi ikikubaliwa Ulaya imekubaliwa kote. Sivyo. Rangi nyekundu E124 inaruhusiwa Ulaya kwa masharti, na pakiti lazima ionye kwamba huenda ikaathiri utendaji na umakini wa watoto. Marekani hairuhusiwi kabisa. Titani dioksidi, ile inayong'arisha peremende, mambo yake ni kinyume: Ulaya iliipiga marufuku 2022 kwa kuwa wataalamu wake hawakuweza kuondoa shaka kwamba inadhuru vinasaba, ilhali Marekani bado inaruhusu hadi asilimia 1 ya uzito wa chakula. Data ni zilezile kwa sehemu kubwa. Kinachotofautiana ni kiasi cha shaka ambacho kila upande unakubali kuishi nacho.

Na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula? Tume hiyo ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliyoanzishwa 1963, huweka viwango lakini haina polisi. Nchi ndizo huviingiza katika sheria zao, na hapa Kenya kazi ya viwango iko kwa KEBS, shirika la viwango la taifa.

Kuhusu namba za E kwenye pakiti, kama ile E124, watu wengi huziona kama alama ya sumu au ya nguruwe. E100 ni rangi itokayo kwenye manjano, ile bizari tunayoijua jikoni, E300 ni vitamini C. Herufi hiyo maana yake ni kwamba kitu kimepitishwa Ulaya. Hata hivyo, Mwislamu anayeulizia E471, kiungo kinachosaidia mafuta na maji kuchanganyika, ana haki yake, kwa sababu hutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama na namba haisemi yapi. Cheti cha halali ndicho kitakachojibu.

Dhana ya mwisho ndiyo inayonitia hofu: kwamba nyekundu ni nyekundu tu. Sudan I ni rangi ya viwandani, na 2005 ilipogunduliwa kwenye unga wa pilipili Uingereza, mamia ya bidhaa ziliondolewa madukani. Basi ukinunua rangi ya biriani au ya mabuyu sokoni, usikubali poda iliyofungwa kwenye kikaratasi cha nailoni kisicho na maandishi. Muulize muuzaji jina la rangi, namba yake na aliyeitengeneza. Akishindwa kukuonyesha, mrudishie.